Kanga na Kororo: Utambuzi wa Ndege Wawili na Mzigo wa Mwanakamusi

Katika msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, mtu anayetembea kimya asubuhi, akiwa na bahati, aweza kukutana na kundi la ndege weusi wenye ukubwa wa kuku, wakichakura majani makavu chini ya miti. Akiwa mgeni kutoka mjini atasema ameona kanga. Akiwa mwindaji wa zamani atasema ameona kororo. Wote wawili wanasema Kiswahili, na wote wawili, kwa namna ambayo mhadhara huu unakusudia kuieleza, wamesema kweli.

Suala hili laweza kuonekana dogo mbele ya hadhira iliyozoea kujadili fonolojia, ushairi na sera ya lugha. Hata hivyo, ni suala linalogusa kiini cha kazi ya kamusi. Mwanafunzi wa leo aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi hulijua neno kanga kwanza kama vazi, kisha kama ndege wa kufugwa. Neno kororo huenda hajalisikia kabisa, na akilisikia hudhani linahusu koo, kwa kuwa kororo ni jina la koo pia. Akifungua kamusi na kuambiwa kuwa kororo ni ndege wa jamii ya kanga, kisha akafuata kidahizo cha kanga na kuambiwa kuwa ni ndege wa porini mwenye madoadoa afananaye na kuku, amezungushwa na kurudishwa alikotoka. Fasili mbili za mithili hiyo haziwezi kumsaidia mtu aliyesimama msituni, wala mfasiri aliye mezani kwake, wala mwalimu anayetakiwa kueleza kwa nini lugha moja ina maneno mawili hapo.

Ndege wenyewe

Kabla ya kushughulikia maneno ni wajibu kushughulikia viumbe. Kanga wa kawaida, ambaye wanasayansi humwita Numida meleagris, alipewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758. Ni ndege wa mbuga, vichaka na mashamba yaliyovunwa. Mwili wake ni wa rangi ya kijivu iliyokoza, umejaa madoa meupe ya mviringo. Shingo na uso havina manyoya mengi, na ngozi yake ni ya buluu. Shavuni huning'inia vinyama viwili. Juu ya kichwa kuna kitu kinachomtambulisha kuliko vyote: pembe fupi ya mfupa, iliyosimama kama kofia ngumu.

Kororo naye ni ndege wa msitu na vichaka vizito. Jina lake la kisayansi ni Guttera pucherani, na hapa kuna jambo linaloihusu pwani moja kwa moja: Mjerumani Gustav Hartlaub, aliyemweleza ndege huyu kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1860, alitumia mfano uliotoka Zanzibar. Jina la pucherani ni kumbukumbu ya Jacques Pucheran, mwanazuolojia wa Kifaransa. Mwili wa kororo ni mweusi kuliko wa kanga, na madoa yake ni madogo zaidi, yamesongamana, na yana weupe unaoelekea buluu. Ubawa wake una ukingo mweupe unaoonekana kama mstari anapoukunja. Kichwani hana mfupa wowote. Ana shungi la manyoya meusi yaliyojikunja, mithili ya nywele ambazo hazijachanwa.

Kiswahili kina hazina nzuri ya maneno kwa mambo ya kichwani mwa ndege, na ni ajabu kwamba fasili nyingi huyapita bila kuyatumia. Jogoo ana undu, ambao wengine huuita kilemba au upanga. Ndege mwenye manyoya yaliyosimama utosini ana shungi, au kishungi akiwa na kidogo. Kwa hiyo mtu aweza kusema kwa ufupi kabisa kwamba jogoo ana undu, kanga ana pembe, kororo ana shungi, na kila msemaji mzuri wa lugha ataona picha tatu zilizo mbali. Madoadoa, ambayo ndiyo sifa inayotajwa mara nyingi, hayatofautishi chochote. Ndege wote wawili wana madoadoa. Zaidi ya hayo, miongoni mwa kanga wa kufugwa wamo weupe watupu wasio na doa hata moja, nao bado ni kanga.

Ipo hatari nyingine. Katika jamii ya kuku, dume na jike hutofautiana waziwazi kwa sura, na Kiswahili kimewapa majina mbalimbali: jogoo, mtetea, kifaranga. Mtu anayewaona kanga na kororo kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba mwenye shungi ni dume na mwenye pembe ni jike, au kinyume chake. Dhana hiyo haina msingi. Dume na jike wa kanga hufanana mno, kiasi kwamba wafugaji huwategemea zaidi masikio kuliko macho: jike hutoa mlio wa silabi mbili unaorudiwarudiwa, ambao dume hana. Kororo pia, dume na jike wana shungi lilelile.

Mwenendo nao hutofautisha. Nje ya msimu wa kutaga, kanga hukusanyika makundi makubwa, hutembea mahali peupe, huchimbua mbegu na wadudu, na wakishtuliwa hupendelea kukimbia kuliko kuruka. Kororo huwa katika makundi madogo zaidi na hawapendi uwazi. Imeshuhudiwa mara nyingi kwamba huandamana na nyani na kima wanaokula juu ya miti, wakiokota matunda yanayoangushwa. Mwindaji aliyejua hivyo hakuhitaji kumwona ndege: alisikiliza kima, kisha akatazama chini. Maarifa ya namna hii yalikuwa ndani ya neno kororo kwa watu waliolitumia, na hayamo ndani ya neno kanga.

Jina pana na jina finyu

Neno kanga ni la kale mno. Wachewa husema nkhanga, Washona husema hanga, na wataalamu wa isimu linganishi wameliunda upya shina lake kuwa la Kibantu cha awali. Katika lahaja zinazohifadhi tofauti ya mpumuo, kama Kimvita, konsonanti ya kwanza ya jina hili hutamkwa kwa mpumuo, sawa na ya kaa anayeishi baharini, na si kama ya kaa la moto. Mpumuo huo ndio mabaki ya nazali iliyokuwa mbele ya shina, ambayo Kichewa bado kinayo. Wale wanaoandika khanga wanapozungumzia vazi wanajaribu kuuonyesha mpumuo huo, ingawa kwa njia isiyofaa sana, kwa sababu katika tahajia sanifu herufi kh zimetengwa kwa sauti ya kheri na khofu.

Neno kororo halina ukoo mpana wa aina hiyo. Linavuma kama mlio: kororo hutoa sauti nzito ya kukwaruza inayotoka kooni, na si vigumu kuona undugu wake na kukoroma, wala na kororo lenyewe kwa maana ya koo. Maneno ya tanakali huwa hayathaminiwi na wanakamusi, ambao huyaona kama ya mitaani. Katika majina ya ndege hali haifai kuwa hivyo, kwani msituni ndege husikika kabla hajaonekana.

Sasa ndipo penye kiini cha jambo. Kanga ni neno linalofanya kazi katika ngazi mbili. Katika ngazi ya juu ni jina la jamii nzima, na kororo yumo ndani yake. Katika ngazi ya chini ni jina la spishi moja, ile yenye pembe ya mfupa, na hapo kororo yuko nje. Wanasemantiki huliita jambo hili uhiponimia wa neno kwa neno lenyewe, na halihusu ndege tu. Ng'ombe ni jina la jinsi nzima hata pale ambapo msemaji anaweza kumtenga fahali. Kuku ni jina la jogoo na mtetea kwa pamoja, lakini mtu anayesema kuku ametaga hamkusudii jogoo. Jina pana ndilo la yule aliye karibu na watu zaidi, na jina finyu hupewa aliye mbali. Kanga yuko shambani na uani, kororo yuko msituni. Kwa hiyo kila kororo ni kanga kwa maana pana, ilhali hakuna kanga wa pembe aliyeitwa kororo. Mgeni na mwindaji wa Jozani walisimama katika ngazi mbili za neno moja.

Hapa pia panapata maelezo jambo la vazi. Simulizi inayokubaliwa na wengi ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso za kitambaa zikiwa hazijakatwa, wakaziunga pamoja na kupata nguo pana, na kwamba nguo za mapambo ya madoa zilifananishwa na manyoya ya kanga. Mombasa jina la leso lilibaki. Kwingine kanga likashika. Mtu aweza kuuliza kwa nini nguo haikuitwa kororo, ilhali madoa ya kororo ni mazuri zaidi. Jibu ni kwamba mfanano huchukua jina pana. Aliyeona madoa alifikiri juu ya ndege aliyejulikana na kila mtu, na hakuhitaji kutofautisha shungi na pembe.

Kuhusu uhusiano wa vazi na ndege, mazoea ya kamusi za Kiswahili ni kuvitenga kama vidahizo viwili kwa hoja ya ngeli. Kanga ndege hupatana na vitenzi kama kiumbe: kanga wamepotea. Kanga vazi hupatana kama kitu: kanga zimepotea. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haikamiliki. Katika usemi wa pwani vimilikishi vya wanyama mara nyingi huchukua umbo la ngeli ya N, hata ikasemwa kanga zake wamepotea kwa ndege na kanga zake zimepotea kwa nguo. Kitofautishi ni kiambishi cha kitenzi peke yake. Aidha, kama simulizi ya madoa ni ya kweli, basi haya ni maana mbili za neno moja, yaani polisemia, na kuyatenga ni kulikata neno na historia yake. Inaelekea kuwa ni bora kidahizo kiwe kimoja, maana ya ndege itangulie, na ngeli ioneshwe katika kila maana.

Methali ya kanga hazai ugenini inastahili dakika moja. Wafasiri huieleza kwa maadili ya kutulia nyumbani, na hiyo ni haki yao. Mtu anayejua ndege huona kitu kingine. Kanga hata akifugwa huficha mayai yake vichakani, na mfugaji mara nyingi huyaokota na kumlalisha kuku juu yake. Ndiyo maana imesemwa kwamba hazai ugenini: ugeni wenyewe ni ua wa mfugaji. Tena methali imetumia kitenzi zaa pale ambapo sarufi ya darasani ingetaka taga. Mwalimu asiisahihishe. Kuzaa hapa ni kupata kizazi, na kizazi cha kanga aliyefugwa mara nyingi ni kazi ya kuku.

Kororo si mmoja

Kwa muda mrefu vitabu vya ndege vilimhesabu kororo kama spishi moja iliyoenea kutoka Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini. Katika miaka ya karibuni orodha kubwa za kimataifa zimemgawa katika spishi tatu. Kororo wa mashariki, anayebaki na jina la pucherani, yuko kusini mwa Somalia, Kenya na Tanzania, Unguja ikiwamo. Wa magharibi, Guttera verreauxi, anafika Uganda na magharibi ya Kenya. Wa kusini, Guttera edouardi, anapatikana Msumbiji, Malawi na kuendelea kusini, na huingia kusini-mashariki ya Tanzania.

Kuwatenga hawa si kazi ya shungi, kwa maana wote wanalo. Ni kazi ya uso na shingo. Kororo wa mashariki ana jicho jekundu na ngozi nyekundu kuzunguka macho na kooni, kisha buluu shingoni, na madoa yake hupanda hadi shingo ya chini bila kukatizwa. Kororo wa kusini hana wekundu huo usoni, ngozi yake ni ya buluu inayoelekea kijivu, na kati ya shingo tupu na madoa ya kifua kuna ukosi mweusi usio na doa. Anayetazama ukosi hatakosea hata mwanga wa msitu ukiwa hafifu na rangi hazionekani.

Katika misitu ya Kongo, ambako Kiswahili nacho kina wasemaji wengi, mambo huongezeka. Huko yupo jamaa wa nne, Guttera plumifera, ambaye shungi lake limesimama wima kama brashi badala ya kujikunja. Huyo huishi pamoja na kororo wa magharibi katika baadhi ya misitu, na neno shungi peke yake halitoshi kuwatofautisha. Yafaa kuongeza sifa: shungi la kujikunja, shungi la kusimama.

Mgawanyo huu wa wanasayansi una matokeo yasiyotarajiwa kwa wanaisimu. Eneo la kororo wa mashariki, kutoka kusini mwa Somalia hadi Tanzania na Unguja, linafuata kwa karibu sana pwani ambako Kiswahili kilizaliwa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilimwingiza kororo kama kanga mwenye shungi, na haikuhitaji zaidi, kwa sababu sayansi ya wakati wake haikuhitaji zaidi. Leo neno la pwani lina spishi yake ya pwani. Hakuna sababu ya kulibana lisitumike kwa jamaa zake wa Songea au wa Bwindi, lakini maana yake ya kwanza inajulikana sasa kwa usahihi ambao wanakamusi wa zamani hawakuwa nao.

Majina ya ndege hawa yamewapoteza hata wakubwa. Jina la Kigiriki la kanga, meleagris, Linnaeus alilitumia pia kama jina la jenasi ya bata mzinga, ndege wa Amerika asiye na uhusiano wa karibu naye. Waingereza nao walimwita bata mzinga kwa jina la Uturuki, kwa kumchanganya na kanga aliyewafikia kupitia wafanyabiashara wa huko. Waswahili wakamwita bata, ambaye siye. Anayecheka kororo kuitwa kanga na amwangalie kwanza bata mzinga.

Kidahizo

Misitu ya pwani imepungua sana, na kila kipande kinachofyekwa humwondoa kororo na kumfungulia kanga njia, kwa maana shamba jipya ni makazi ya kanga. Wanafunzi wanaokua karibu na shamba hilo watajifunza neno moja tu, na hawatakuwa wamekosea. Hasara haitaonekana katika hesabu ya msamiati wa kila siku. Itaonekana siku ambayo kibali cha kuwinda kimeandikwa kwa neno kanga, na afisa na mwindaji wakabishana kuhusu ndege aliye mkononi, bila ya kuwa na kitabu cha Kiswahili cha kuwaamulia.

Kitabu hicho kingeweza kusema hivi. Kanga: ndege wa mbuga na mashamba, mkubwa kama kuku, mwenye pembe ya mfupa kichwani, ngozi ya buluu usoni na madoa meupe mwilini, hufugwa pia. Maana ya pili: ndege yeyote wa jamii hiyo, kama kororo. Maana ya tatu: vazi la wanawake la vipande viwili, lenye pindo na maandishi. Na kororo: kanga wa msituni, mweusi mwenye madoa madogo, asiye na pembe, mwenye shungi la manyoya yaliyojikunja; wa pwani ana uso mwekundu. Maneno hayo yote yanajulikana kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na fasili zote mbili zinaingia katika mistari isiyozidi minane.

Linabaki suala la picha. Kamusi zetu nyingi huchapishwa kwa wino mweusi, na mchoraji akiambiwa achore kororo kwa kutegemea wekundu wa uso, kazi yake itapotea kiwandani. Achore kichwa tu, kwa upande, shungi likiwa wazi, na karibu yake kichwa cha kanga na pembe yake, kwa kipimo kimoja.